Kamera ya Makame Bandarini

Kilichonipeleka mjini ni kamera. Ndugu yangu Makame, aliyekuwa kuli bandarini, alifariki kwa homa akatuachia kanzu mbili na kamera ya sanduku aliyoinunua kwa baharia. Alikuwa amemwambia mama kuwa katika filamu iliyomo ndani yumo na yeye mwenyewe, kapigwa picha na rafiki yake. Mama hakuwa na picha yake nyingine. Baada ya hitma akanambia, "Nenda ukamtoe."

Shangazi Mize alinikabidhi kamera ikiwa safi. Kwetu Jambiani vitu vya maiti hufuliwa au huanikwa, naye hakutaka kusemwa kuwa amebagua kimoja akakiacha. Aliifungua mgongo akaiweka juani pamoja na mto na godoro mpaka alasiri. Niliona amefanya vyema.

Asubuhi nikapanda basi. Jozani, kima punju walikaa kando ya njia wakinitazama. Tangu msiba, hao ndio wa mwanzo kunitazama bila kunipa pole.

Adhuhuri nilishuka Darajani, nikaenda duka la picha la Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa. Alichungulia kidirisha chekundu nyuma ya kamera.

"Bado picha tatu, Bwana. Zimalize kwanza. Ila jua liwe mgongoni mwako, usilielekee hata kidogo."

Nililishika neno lake kama nilivyoshika ya chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

Jioni Haji, aliyefanya kazi na Makame na ndiye mwenyeji wangu, alinitembeza bandarini, pale zinapofungwa mashua nyeupe za Wazungu za kutembelea. Jua lilikuwa linazama, jekundu, na Wazungu wamejipanga na kamera zao wanalielekea. Mimi nikalipa mgongo, nikaelekea ghala.

"Unapiga nini?" Haji akauliza.

"Ukuta."

"Ukuta huo nimezaliwa nimeukuta, na kesho utakuwapo. Linaloondoka ni jua."

"Nimeambiwa liwe mgongoni."

"Makame naye alikuwa mbishi hivi hivi," akasema akicheka. Mimi nikaupiga ukuta mara tatu.

Kesho yake dukani, Mgoa aliniinulia filamu nyeusi tii.

"Nani kaifungua kamera?"

"Shangazi. Aliianika."

"Juani?"

"Ndiko kunakoanikwa."

Hakucheka. Picha za Makame zote zilikuwa zimeungua. Iliyosalimika ni moja, ya mwisho, iliyokuwa ndani kabisa ya filamu ilipokunjwa: ukuta wa ghala, na juu yake kivuli kirefu cha mtu mwenye kofia, kainamia sanduku. Mgoa akaisifu.

Njia nzima ya kurudi nilitafuta la kumwambia mama, nisipate lililo zuri na la kweli kwa pamoja. Nilipofika nikasema lililo kweli: za Makame zimeungua siku ile ya kuanikwa, na kivuli hiki ni changu. Shangazi Mize akajifunika uso kwa kanga.

Mama aliitazama picha sana.

"Bega la kushoto limeshuka."

"Ni langu, mama."

"Najua ni lako. Mlilitoa kwa baba yenu, nyote wawili."

Mimi safari ile ilinifunza kulipa jua mgongo, elimu ambayo sijaitumia tena. Aliyejifunza zaidi hata hakuondoka Jambiani. Nilipotaka kuitundika picha ile karibu na dirisha, Shangazi Mize aliinuka, akanipokonya taratibu, akaipeleka ukuta wa ndani.

"Pale dirishani," akasema, "jua linafika."