Fundi Pini na stika ya "Mmekula?"

Saa saba mchana Fundi Pini amepiga magoti mbele ya sketi ya shule, na sketi haitulii. Aliye ndani yake ni msichana mrefu anayegeuka kila mtu anapopita mlangoni. Fundi hamkemei. Hawezi. Mdomo wake umejaa pini, zimejipanga upande wa kushoto kama meno ya chanuo, na anazichomoa moja moja akifuata pindo.

Akifika nyuma ya sketi anatua kidogo. Simu yake inaning'inia shingoni kwa kamba, bega kwa bega na futi ya kupimia. Anaibonyeza kwa kidole kidogo, ambacho ndicho pekee kisicho na chaki, anaisogeza kwenye upande wa mdomo usio na pini, kisha anasema neno moja.

"Mmek'la?"

Anaachia. Anarudi kwenye pindo.

"Wamekula," anajibu Mama Vifungo kutoka meza ya pili, anakotoboa tundu za vifungo bila kuinua kichwa. "Mji mzima umekula, Fundi. Maliza sketi ya mtoto wa watu."

Neno hilo moja ndilo lililomfanya fundi huyu wa sare ajulikane na vijana ambao hawajawahi kukanyaga dukani kwake. Ndilo pia lililokaribia kumkosanisha na binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na sita.

Fundi Pini ameishi na cherehani tangu akiwa kijana, alipofundishwa kazi na mjomba wake.

"Mjomba alikuwa na kimto kimoja cha kuchomekea pini, na hakuruhusu mtu akiguse," anasema, baada ya kuzitema zake kwenye kifuniko cha kopo. "Sasa mimi ningeziweka wapi? Mfukoni zinachoma. Nikaweka mdomoni. Ndiyo hivyo tena, nimezeeka nazo."

Kazi yenyewe ni ya msimu. Wiki chache kabla ya shule kufunguliwa ndizo zinazolisha nyumba kwa nusu mwaka. Miezi mingine ni zipu zilizokatika, na kupanua suruali za watu wasiotaka kukubali kwamba wamenenepa. Kwa hiyo msimu wa sare ukifika, fundi anatoka nyumbani binti yake angali amelala, na anarudi akimkuta anasinzia. Mke wake ni mfanyausafi hospitalini, kwa zamu. Watatu hao kukaa pamoja wote macho ni bahati nasibu.

Wanakutana kwenye simu. Wana kundi lao la familia, ambalo binti alilipa jina la "Wapangaji Watatu". Mama hutuma picha za maua zenye maneno ya kutakia watu asubuhi njema, hata ikiwa jioni. Binti hujibu kwa herufi mbili, tatu. Baba humwuliza binti kama amekula.

Mwanzoni aliuliza kwa kuandika. Siku moja simu ikajifanya inajua kuliko yeye, ikamalizia neno kwa akili yake, na badala ya "Umekula?" likaenda "Umekufa?"

"Akanijibu, 'Bado, baba,'" anasimulia fundi. "Bila hata kushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka. Tangu hapo nikahamia kwenye sauti."

Mambo yakaenda vizuri hadi msimu huu, alipoingia mama mmoja na kijana wake kupimwa suruali. Kijana akamtazama fundi. Akainamia simu yake. Akamtazama tena, akajiziba mdomo.

"Mama, ndiye yeye."

"Yeye nani?"

"Mzee wa Mmekula."

Ikabidi simu itolewe. Humo ndani alikuwemo Fundi Pini, amepigwa picha kutoka chini, macho yamemtoka, pini zimechomoza mdomoni kama masharubu ya panya. Chini yake, kwa herufi nene: MMEKULA? Kijana akaeleza kwamba hiyo ni stika, kwamba aliipata kwa binamu yake, na kwamba binamu naye hajui ilikotoka. Mama yake alicheka hadi akaketi juu ya furushi la vitambaa.

"Nikaendelea kupima kama vile hakuna kitu," anasema fundi. "Lakini nilipima kiuno mara mbili nikapata viuno viwili tofauti."

Picha hiyo aliifahamu. Ilipigwa hapo hapo dukani, siku binti yake alipomletea chakula. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

"Nikajua nimeuzwa na wa nyumbani," anasema.

Hapo utani unamtoka kidogo. Anaokota chaki, anaiweka alipoiokota.

"Watoto wa watu wakinicheka, wacheke tu, mimi fundi, nimezoea maneno ya wateja. Niliogopa kwamba yeye ndiye anayenicheka. Mchana kutwa simwoni. Hilo swali ndilo kitu pekee ninachompa. Kama kwake ni kichekesho, basi nimebaki na nini?"

Alichofanya baada ya hapo hata mtoto mdogo angekionea aibu. Alinuna. Saa saba ikaja, akapita nayo kimya. Kesho yake pia. Binti akaandika kwenye kundi, "Baba?" Fundi akausoma ujumbe, akaacha tiki zake mbili za buluu zikae pale zionekane vizuri, akarudi kwenye marinda.

Mkewe alimshangaa. "Yaani mnanuniana kwenye simu na mnalala nyumba moja?" alimwuliza. "Si mgonge tu ukuta?"

Wa kuvunja ukimya akawa binti. Mchana mmoja alitokea mlangoni, amevaa kandambili, jasho linamtoka.

"Leo hujauliza," akasema.

Fundi akainamia cherehani.

"Na jana hukuuliza. Nimefanya nini?"

Fundi akaonyesha mdomo wake kwa kidole, kwamba ana pini, hawezi kuongea. Anakiri mwenyewe kwamba pini zinamsaidia sana mtu aliyenuna.

"Baba yako amejiona kwenye stika," akasema Mama Vifungo, ambaye kwa siku zote hizo alikuwa amechoka kufanya kazi na mtu bubu. "Ameumia. Haya, ongeeni, mimi sipo."

Binti akakaa kwenye furushi la vitambaa, akafungua kundi la darasa lao na kumsogezea baba yake simu. Akamwonyesha mahali mwenzao alipoandika kwamba amefeli hesabu. Chini yake, Fundi Pini na pini zake: MMEKULA? Mwingine alikuwa na homa. MMEKULA? Mwingine alifiwa na paka, na hapo fundi alijikuta amepangwa foleni, mara saba mfululizo, akimsikitikia paka asiyemjua.

"Hatukucheki, baba. Sawa, sura inachekesha. Ila mtu akiwa na hali mbaya ndiyo tunaituma."

"Kwa nini mimi?" Pini zilikuwa zimeshatoka.

"Kwa sababu ulituuliza."

"Nilikuuliza wewe."

"Ungeniuliza mimi ungesema umekula. Wewe ulisema mmekula. Tulikuwa watano tunasoma pale nyumbani, nikaifungua voisi yako kwa sauti kubwa, na wote wakakujibu. Wengine walisema ndiyo, wengine walisema bado. Mmoja akasema, 'Ala, kumbe na sisi tumo.'"

Fundi alilijaribu neno kimyakimya, na bila pini akaelewa kosa lake lilipo. Anamweleza kila mteja siku hizi, pamoja na mwandishi wa makala haya. Ili useme "u", midomo lazima ichongoke. Ukiichongoa na pini zimo, utazitema au utazimeza. Kwa hiyo miaka yote hiyo, saa saba mchana, amekuwa akifunga midomo na kusema "m", na kumwuliza mtoto mmoja kana kwamba anauliza kijiji.

"Hiyo 'u' ya katikati je?" aliulizwa.

"Hiyo napita nayo mbio," alijibu.

Aliyetengeneza stika si binti yake. Ni rafiki wa binti yake, yule yule aliyesema kumbe na sisi tumo. Anaishi na kaka yake, ambaye ni mlinzi, mtu mwema, ila mchana analala na jioni anatoka. Binti alimweleza baba yake maneno ya rafiki huyo kama yalivyosemwa: "Mimi meseji zangu zote zinatoka kampuni ya simu. Huyu baba wa mtu ananiuliza kama nimekula, na hata hanijui." Ndipo akaomba ile picha.

"Niliposikia hivyo nikageuka kutafuta mkasi," anasema fundi.

"Mkasi alikuwa ameushika," anasema Mama Vifungo.

Sasa Fundi Pini ana mpango. Anataka kubadilisha kibao cha duka, ambacho rangi imebanduka hadi hakisomeki. Anataka kiandikwe "Mmekula? Sare za Shule", na picha yake pembeni. Mama Vifungo anapinga. Anasema watu watakuja na sahani. Binti naye anapinga, kwamba baba akishajua kuwa ni maarufu atakuwa hasemeki. Fundi anasema kibao ni chake, na msimu ukiisha vizuri atamwita mchoraji.

Kabla mazungumzo hayajaisha, msichana mfupi mwenye mkoba mgongoni anasimama mlangoni na kuuliza kama sare zinapimwa hapa. Mama Vifungo anamtambua kwa maelezo ya binti kuwa ndiye yule rafiki wa stika, anamkanyaga fundi mguu chini ya meza.

"Shikamoo," anasema msichana, macho chini.

"Marahaba, mwanangu," anasema fundi, na neno linamtoka limefungwafungwa, kwa kuwa pini zimesharudi mahali pake.

Anachukua futi. Anampima bega, anampima kiuno, safari hii anapata kiuno kimoja. Halafu anasita. Anaweka futi mezani, anasogeza kifuniko cha kopo, na kuanza kuchomoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, zote, hadi ya mwisho. Anajifuta midomo kwa kiganja. Mama Vifungo ameacha kutoboa.

"Umekula?" anauliza fundi.

Msichana anageuka nyuma kutazama ni nani anayeulizwa. Nyuma yake hakuna mtu.

"Mimi?"

"Wewe."

"Bado," anasema msichana, na fundi anavuta hotipoti yake kutoka chini ya cherehani.