Dirisha la Jeneza la Mama Mwende

Hii stori sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, hata bibi yangu anajua nusu tu, ile nusu ya kioo, na leo nikiwaambia yote msinionee huruma, kwa sababu hiyo aibu hakuna mtu aliniletea, niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu, nikaipiga msasa na nikaipaka rangi.

Mnajua kazi yangu. Mimi ni fundi wa fanicha hapa Kitengela, kibanda kiko kando ya barabara ya Namanga, natengeneza vitanda, kabati na meza, na tangu ninunue kompresa na spreya ya kupulizia rangi nimekuwa mtu wa maringo kidogo (niseme ukweli, maringo mengi). Brashi huacha mistari, spreya haiachi. Mtu akipita akisimama kuniangalia, mimi hupunguza mwendo ili aone vizuri.

Mama Mwende alikuwa akiuza mboga mkabala na kibanda changu, na kwa miaka sita siku akipika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, nyumbani kwake lazima angeniletea kidogo kwenye kopo, anasema nile kwanza mbao haziendi popote. Akaugua wiki mbili tu, akafa. Mtoto wake wa pili, Mutua, akaja kibandani akaniambia mama yao hakutaka jeneza la kahawia, alitaka jeupe, na kwamba alikuwa akiwasifia kazi yangu kila siku, kwa hivyo wameonelea nilitengeneze mimi. Sikuwa nimetengeneza jeneza hata moja maishani. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea.

Alikuwa na ombi moja. Dada yake mkubwa, huyo Mwende mwenyewe, ameolewa Loitokitok, na wakati mama yao anaugua yeye alikuwa amelazwa huko, amejifungua kwa kupasuliwa. Hakuweza kuja. Angefika siku ya mazishi yenyewe, moja kwa moja nyumbani, mwili ukiwa umeshatoka mochari. Kwa hivyo Mutua alitaka kifuniko kiwe na dirisha la kioo upande wa uso, na kimlango kidogo cha mbao juu yake cha kufungua.

"Hilo dirisha ni la Mwende," akaniambia. "Sisi wengine tumeshamwona."

Nilifanya kazi kama sijawahi kufanya. Kioo nilikifunika kwa gazeti na tepu, kimlango nikakiacha wazi, nikapuliza rangi nyeupe mara mbili, na kufikia Jumatano jeneza lilikuwa limekauka na linang'aa. Ningeacha hapo, saa hii singekuwa na la kuwaambia.

Alhamisi asubuhi upepo ukaleta vumbi (mnajua vumbi la Kitengela, linaingia mpaka kwa chai), na niliposogea karibu nikaona vijidoa kwenye kifuniko. Vilikuwa vidogo, mtu aliyefiwa hawezi kuviona. Lakini mimi niliviona, nikawaza watu wote watakaokuja na watakaouliza fundi ni nani, nikachukua msasa, nikasema nipulize mara moja ya mwisho. Gazeti nilikuwa nimeshalitoa. Tepu ilikuwa imeisha, na duka la vifaa liko ng'ambo tu ya barabara, dakika tano kwenda na kurudi. Sikwenda. Nikafunga kile kimlango juu ya kioo, nikajiambia hicho chenyewe kitakinga kioo, nikapuliza. Tena rangi nzito, ndiyo ing'ae.

Mutua alipokuja na pikapu saa nane, juu ilikuwa imekauka. Nikaigusa kwa kidole mbele yake kumwonyesha. Wakaenda mochari ya Kajiado mjini, mama akalazwa ndani, kifuniko kikafungwa kwa skrubu, na hakuna aliyejaribu dirisha, kwa sababu ya nini?

Ijumaa tulikuwa nyumbani kwao, upande wa Isinya, hema limejaa. Jeneza lilikuwa jeupe kabisa juani na watu walikuwa wakinong'ona uzuri wake, mimi nikiwa nimekaa mahali pa kusikia. Emsii akasema kwenye maikrofoni kwamba kazi ile ni ya fundi wetu Kariuki, jirani wa marehemu, na mimi nikasimama nikapunga mkono. Kwenye matanga, jamani. Nilipunga mkono.

Ibada ilipoisha pasta akasema Mwende aje kwanza. Alitoka kwa kiti polepole, mkono mmoja tumboni pale alipopasuliwa, mtoto akiwa ameachiwa mama mmoja wa kanisa. Mutua akashika kishikio cha kimlango akavuta. Hakikufunguka. Akavuta kwa nguvu na kishikio kikatoka chote, kikabaki mkononi mwake. Akajaribu kwa kucha. Mtu mmoja huko nyuma akacheka kidogo, akanyamaza, na mimi nilikuwa nimeshaelewa: rangi ilikuwa imeingia kwenye ufa na kukishikanisha.

Emsii akaniita tena kwa ile maikrofoni.

Nikatembea mbele ya watu wote. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba tunaweza kufungua skrubu za kifuniko chote, lakini mjomba wao, kaka wa marehemu, akatikisa kichwa. "Huyo ameshafungwa," akasema. "Hafunguliwi tena." Nikaletewa kisu kutoka kwa akina mama waliokuwa wakipika. Nikakata kuzunguka ukingo, rangi ya ndani ikiwa bado laini inanishika vidole, Mwende amesimama kando yangu, na badala ya kwenda taratibu niliona haya, nikaharakisha, nikaingiza ncha ya kisu chini nikainua. Rangi ilikuwa imepita mpaka kwenye kioo pia. Kimlango kiliinuka na nusu ya kioo, na ile nusu nyingine ikaanguka ndani.

Ilimwangukia mama yao usoni.

Pasta alianzisha wimbo haraka ili watu wasisikie. Mjomba akasema nifunge. Nilikuwa nafunga kweli, Mwende akaweka mkono wake hapo. Kisha akaingiza vidole ndani akaanza kuokota vipande, kimoja kimoja, akiviweka kwenye leso yake. Kimlango hakikuwa kinasimama chenyewe, bawaba zilikuwa zimejaa rangi, na hakuna mwingine aliyetaka kuchafua nguo, kwa hivyo nikabaki nimekishikilia, kichwa changu karibu na chake kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa akiongea na mama yake. Sikutaka kusikia na singeweza kuziba masikio.

"Ile simu yako ya mwisho niliiona," akasema. "Nilikuwa nimekasirika, mama. Nikaacha ilie."

Niliangalia hema, nikaangalia viatu vyangu. Bila kuinua uso akaniambia, "Shikilia hapo tu, fundi. Usifunge bado." Nikashikilia, wimbo ukaisha, wakaanza mwingine. Alipomaliza alipangusa ule uso kwa kiganja, akaniambia sasa funga. Alama za vidole vyangu zilibaki kwenye ile rangi nyeupe na zikaenda nayo ardhini.

Jeneza sitengenezi tena, na kitu chochote chenye mlango hakitoki kwangu kabla sijakifungua na kukifunga mara kumi mbele ya mwenyewe, wateja wanafikiri nimerukwa na akili. Mutua alishanisamehe, hata huwa ananitania juu ya kile kishikio. Yeye anadhani aibu yangu ni kioo. Ile habari ya simu haijui, na kwangu haitatoka (nyinyi mmeisikia, iishie hapa).

Mwezi uliopita Mwende alipita hapa na mtoto mgongoni, akasimama ng'ambo ya barabara, akaangalia kibandani. Mimi, mwanaume mzima, nilijificha nyuma ya kabati. Nilimwona kupitia ufa akingoja kidogo, kisha akaenda zake, na ile pole niliyopaswa kumpa tangu siku ile bado niko nayo.