Babu Niliyemtoa Kwenye Flashi

Aibu niliyojitwika siwezi kuipunguza kwa kuisema haraka, kwa hiyo nitaisema taratibu, na mjukuu wangu Leokadia ataiandika kama inavyotoka kinywani, maana mimi shule sikuikanyaga hata siku moja (andika hivyo hivyo, Leka, usinipambe, kupamba ndiko kulikoniangamiza).

Mnanifahamu. Mimi ndiye mzee ambaye mtoto akivunja kikombe na kusingizia paka, namchapa kwa ajili ya paka, si kwa ajili ya kikombe. Nimewalea wanangu kwa fimbo hiyo, na wajukuu wameikuta inawangoja mlangoni. Sasa sikilizeni jinsi mtu wa namna hiyo alivyoanguka.

Mwaka huu, wakati wa palizi, niliteleza shambani kwangu Maposeni, mguu ukavunjika, nikafungwa plasta ngumu na kuletwa Matogoro kwa binti yangu, mama yake Leka. Mtu aliyezoea jembe akilazwa kitini mchana kutwa hugeuka kuwa mtoto, na mtoto niliyemkuta pale alikuwa na katuni. Ni zile zilizotafsiriwa, ambamo mtu mmoja husema Kiswahili juu ya sauti za wote, wanaume, wanawake, hata wanyama. Ndani yake kuna binti mchunga mbuzi anayetembea na joka dogo lenye bawa bovu, wakitafuta mahali mvua ilipofichwa. Siku ya kwanza nilisema ni upuuzi, zimeni. Siku ya pili nilikaa kimya. Siku ya tatu niliuliza, kwa ukali ili nisionekane ninauliza, kama lile joka limepona bawa.

Leka ana utaratibu wake. Kila sehemu huitazama mara mbili, ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa hukumu, kisha huandika daftarini nini kimefaa na nini kimeharibika, na mwisho huipa maksi. Maksi mimi sizijui, nikamwambia tutahukumu kama watu wanaochambua mahindi: ya mbegu, ya kula, au pumba. Tulihukumu hivyo muda wote mguu wangu ulipokuwa unaunga, tukirudia, tukisimamisha, tukibishana (sehemu ya nne niliiita pumba, akaninunia mpaka jioni). Sehemu ya tisa tuliitazama si mara mbili, ni mara nne. Hiyo niliipa mbegu bila kusita.

Sasa nije kwenye msiba wenyewe. Nina wana wawili, Fidelis, mkubwa, anayelima Maposeni, na Osmund, mwenye kibanda mjini cha kuchaji simu na kuwawekea watu muvi kwenye flashi. Shamba niliwagawia zamani, kwa mdomo, mama yao akiwa hai. Katikati pana bonde lenye maji mwaka mzima, ambamo Osmund alitaka kuchimba bwawa la samaki, ili aache kukaa kibandani kama kuku anayeatamia. Fidelis akasema bonde ni lake. Wakafika mahali pa kupishana njiani bila salamu, watoto wa tumbo moja, na niliposimama tena kwa miguu yangu, na mkongojo, niliitisha kikao.

Tulikaa uani kwa Fidelis, Jumapili baada ya misa. Walikuwepo mwenyekiti wa kijiji, wazee wawili wa ukoo, mtani wangu Mhehe mwenye mashine ya kukoboa, na Leka aliyenishika mkono njiani.

Mwenyekiti akasema, "Mzee, karatasi hakuna. Hati yetu ni wewe. Sema."

Nikasema. Mpaka unatoka kwenye kisiki cha mninga, unashuka hadi kwenye jiwe lenye ufa, unafika kwenye mfereji; bonde liko upande wa Osmund; niliyepima ni mimi na aliyeshika ncha ya pili ya kamba ni mama yenu. Maneno hayo ni ya kweli kama mauti. Fidelis akasema, "Baba, ukishasema wewe, nimesikia."

Kesi ilikuwa imekwisha! Ningeomba maji ya kunywa wakati ule, ningekohoa tu, leo ningekuwa na wana wawili. Lakini niliwaona wazee wananitazama kana kwamba bado nina kitu, na mtani wangu ameinua nyusi, nikaona neno langu limekaa uchi mbele ya watu, nikataka kulivika nguo.

Nikasema, "Hata babu yangu, mzaa baba, aliwahi kuamua hivi, hapa hapa Maposeni."

Nikaanza. Kwamba alikuwa na wana wawili waliogombea kisima, naye akawapa kibuyu kimoja cha kunywea, akaagiza kwamba hakuna atakayejinywesha, kila mmoja atanyweshwa na ndugu yake. Wakakataa. Kisima kikadidimia siku saba. Siku ya nane kiu ikawashinda, wakanyweshana huku wakilia, ndipo mlima ukafumbua jicho, nao ukalia, na machozi yake yakajaza kisima. Niliisema vizuri, ole wangu. Mwenyekiti alivua kofia. Fidelis alijifuta uso.

Na Osmund akacheka.

Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyekutana na rafiki mahali asipomtarajia. "Baba! Jicho la mlima? Si sehemu ya tisa hiyo! Nimeiweka kwenye flashi za nusu ya Songea!"

Mtani wangu akapiga paja. "Lo! Wangoni, mababu mmewamaliza, sasa mnaenda kukopi kwa Osmund? Na mimi nikopieni mmoja, wa kwangu alikuwa bubu!"

Uani pakalipuka. Mwenyekiti, akijizuia, akamgeukia mjukuu wangu. "Binti, ni kweli?"

Nilimtazama Leka. Mungu ananiona: nilimwomba kwa macho adanganye. Mimi, niliyechapa watu kwa ajili ya paka.

"Ni kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Babu aliipa mbegu."

Kicheko kilipokwisha, Fidelis hakuwa amecheka. Aliuliza kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi. "Baba, unisamehe. Babu umemtoa kwenye flashi. Kisiki umekitoa wapi?"

Osmund aliacha kucheka. "Kaka, acha bwana, nilikuwa natania tu."

"Wewe umetania. Mimi nauliza."

Nikapiga mkongojo chini, nikaapa kwa jina la mama yao, nikaapa tena, na kila kiapo nilichoongeza kilikuwa kama maji kwenye uji, kinauzimua. Mwenyekiti akasema kikao kiahirishwe mpaka apatikane shahidi wa pili. Shahidi wa pili amelala nyuma ya nyumba ile ile, na msalaba juu yake, na kamba aliyoishika ilioza zamani.

Wiki iliyofuata Fidelis alizungushia bonde uzio wa miti. Osmund amepoteza bwawa kwa kicheko chake na kwa uongo wangu, na simlaumu kwa kuwa haji tena kunisalimu. Wanaokuja ni wengine. Hata sokoni hunikuta: "Shikamoo babu, sehemu ya kumi inatoka lini?" Nami huitikia marahaba, kwa kuwa shikamoo ni shikamoo.

Juzi nilimwomba Leka aweke tena ile ya tisa. Tukaitazama mpaka mwisho bila kusimamisha. Akafungua daftari. "Babu, hukumu?"

Nikamwambia, "Hadithi ni mbegu. Msimuliaji wa Maposeni ndiye pumba."

Hakucheka, na hakuandika. Nikamwambia afungue ukurasa mpya aandike hivi: kisiki cha mninga, jiwe lenye ufa, mfereji, bonde ni la Osmund. Basi. Asiongeze babu, asiongeze mlima. Akaniletea wino nikabonyeza kidole gumba chini yake, nikamwuliza kama Fidelis ataamini.

"Sijui, Babu," akasema, kwa kuwa nimemfundisha kutodanganya.

Tangu siku ya kikao kile nikiulizwa jambo hujibu lile niulizwalo, kisha naomba maji ya kunywa.