Sauti Iliyojibu Kila Swali

Mama mdogo, mjane wa baba mdogo aliyeoa Burundi, alikimbia kutoka huko kwa mtumbwi pamoja na majirani zake, akaja kuishi kwetu Gungu, hapa Kigoma. Mchana mmoja alipigiwa simu na mwanaume aliyejitambulisha kuwa kaka yake, ambaye tulidhani amekufa. Alimtaka aende peke yake Mwamgongo, kijiji cha ziwani karibu na mpaka. Huko kuna boti ambayo ingemrudisha nyumbani Burundi.

Mama mdogo aliweka simu sauti kubwa. Kwetu simu ya ndugu ni ya wote, anayejitenga nayo hushukiwa. Alimuuliza ng'ombe wao alivunjikia mguu wapi, mama yao alizikwa na kitenge gani. Sauti ilijibu yote.

"Ni musaza wanje," alisema akijifuta machozi. "Kaka yangu kabisa."

Sikuamini. Nakiri, hata mlango nikiufunga hurudi kuusukuma. Wakati ule nilikuwa najifundisha hesabu za siri zinazosafirishwa kwa chembe za mwanga. Watu wawili walio mbali hupata kwazo tarakimu zinazokaribia kufanana, kisha huzungumza hadharani kusahihisha makosa na kukamua humo ufunguo wa siri. Lakini kuna kikomo kilichothibitishwa: mazungumzo ya hadharani hayazai siri. Hukamua ile tu ambayo msikilizaji wa pembeni hana. Akiwa anajua yote mnayojua, mtaongea mwaka mzima mpate sifuri, kama kukamua mawese kwenye makapi.

"Mama mdogo," nilimnong'oneza, "mliokuja nao, nani hajui habari ya ng'ombe?"

"Wote wanajua. Walisaidia kumla."

"Na mazishi?"

"Ndio waliochimba kaburi."

"Basi muulize mnalolijua ninyi wawili tu."

Alifikiri sana. "Mwanangu, tulilala watoto wa ukoo mzima kwenye mkeka mmoja. Siri tungeiweka wapi?"

"Nani huyo anayenong'ona?" sauti iliuliza. "Umefuga polisi?"

Mama mdogo hakucheka. "Kaka, njoo wewe. Shuka bandarini Kigoma, mchana, nikuone uso."

"Nitakuja," alisema, akakata. Hakuja, na namba yake haikupatikana tena.

Baadaye, tukichagua maharage, aliniuliza hesabu zangu zinasemaje: alikuwa yeye? Nilitamani kumpa jibu safi. Nilimwambia zinasema tu kwamba kwa maswali yale tusingejua.

"Kwa hiyo huenda nimemfukuza ndugu yangu."

"Huenda."

Tangu hapo, boti za kaskazini zikiingia, mimi hushuka bandarini na kukagua nyuso za wanaume nisiowajua.