Doa la Kilimani

"Nileteeni picha ya jalala, nitawarudishia bustani ya peponi!"

Maneno hayo Brashi aliyatamka kwenye sherehe ya shemeji yake, kipaza sauti mkononi, mbele ya ukoo mzima wa mke wake. Watu wakapiga makofi. Watu wakishashiba hupigia makofi lolote. Mama mkwe peke yake hakupiga; alikuwa anapekua mkoba kutafuta simu.

Ndivyo kazi ilivyoingia studio. Studio yenyewe ni chumba kimoja: pazia jeupe, kiti cha picha za pasipoti, kioo chenye kitana kilichofungwa kamba kisiibwe. Mke hushika kaunta na kupigilia fremu. Brashi hushika kipanya. Kwa miaka kumi na moja amewavisha watu suti wasizokuwa nazo na kuwafumbua macho maharusi waliosinzia. Mama mkwe alitaka kingine.

"Mwanangu, hicho ni kilima cha nyuma ya shamba letu la zamani. Nifanyie kama ndoto. Ila isiwe ndoto ya mlevi. Nikikitazama nikitambue."

"Mama, hapa umefika."

Akaihamishia picha kwenye kompyuta. Simu ya mama mkwe ilikuwa imejaa mpaka inahema, basi kwa wema wake akaifuta humo ili kuipunguzia mzigo.

Alifanya kazi siku tatu. Nyasi akazipa ubuluu wa alfajiri, kijito akakitia mwanga, na kila jani akalipa kivuli chake, maana ndoto isiyo na kivuli haiaminiki. Angani akaning'iniza visiwa viwili vya mawe, ukungu ukivizunguka. Mwisho, kama fundi anayejiheshimu, akasafisha. Kwenye ukingo wa kilima palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya mtama. Vumbi la lenzi hilo, akasema. Akalipangusa, akasevu juu ya picha ileile.

Kesho yake saa saba mchana mke akaleta chai, akainamia skrini.

"Maridadi. Baba yuko wapi?"

"Baba gani?"

"Baba yangu! Si alisimama pale ukingoni? Ndiyo picha yake ya mwisho, mume wangu. Ulidhani Mama anapenda nyasi?"

"Kulikuwa na kidoa..."

"Usiniambie."

"Nilidhani vumbi."

"Umempangusa baba yangu kama vumbi? Na Mama anakuja saa kumi!"

Brashi akatafuta kwenye simu, hamna. Kwenye pipa la kompyuta, hamna. Kurudi nyuma hatua kwa hatua hakuwezekani, umeme ulishakatika usiku na hatua zote zikaenda nao. Saa nane ikapita. Akaanza kupanga maneno ya kumwambia mjane, akakuta hana hata moja, yeye ambaye kwa maneno hajawahi kufilisika.

Ilipogonga saa tisa jicho lake likaangukia kisiwa cha kushoto. Kisiwa kile hakukichora. Fundi mwenye akili hahangaiki kuchora jiwe na jiwe analo: siku ya kwanza, kabla ya kusafisha chochote, alikata kipande cha kilima chenyewe, akakigeuza, akakikuza, akakirusha angani na kukifunika ukungu. Sasa akaufuta ukungu ule polepole.

Mzee huyo hapo. Kofia kichwani, mkono kiunoni.

"Nimempata!"

"Yuko wapi?" mke akaja mbio, nyundo mkononi.

"Mbinguni."

Mke akacheka huku machozi yanamtoka. Brashi akakaa sakafuni, akashusha pumzi ndefu mpaka pazia jeupe likatikisika. Kisha akainuka, akamnakili mzee, akampunguza, akamgeuza, akamrudisha ukingoni pake. Kwa furaha akamsahau wa juu.

Saa kumi kamili mama mkwe akaingia, akavaa miwani, akainamia skrini.

"Mbona wako wawili?"

Kwa mteja mwingine Brashi angekuwa na uongo tayari. Kwa mama mkwe akatapika yote: simu, doa, kisiwa.

Mama mkwe akacheka mpaka akavua miwani aifute. "Huyu angani? Huyu aliyeogopa ngazi! Balbu zote za nyumba ile nilibadilisha mimi. Mshushe, mwanangu, asije akafa mara ya pili kwa kizunguzungu."

Brashi akaurudisha ukungu kisiwani. Mama mkwe akasogeza kidole karibu na ile punje ya ukingoni, bila kuigusa.

"Hapo sawa. Akae hapo hapo." Akageukia kaunta. "Fremu mnauzaje?"

"Mama, wewe tena ulipe..." Brashi akaanza.

"Nimemuuliza binti yangu."

"Ya mbao, yenye kioo," mke akasema, "elfu kumi na nane."