Kinga ya Umeme na Posa ya Kalisti

Kalisti alikuwa na kanuni moja kazini: kinga ya mtambo haiondolewi ili kumfurahisha mtu. Aliishika tangu Moshi, alikokuwa fundi wa friji. Huko jioni, kila nyumba ilipowasha jiko la umeme, balbu zilififia zikawa nyekundu, na kesho yake wateja walimletea friji zilizoungua mota. Alihamia na kanuni hiyo ng'ambo, mji wa Falls Church, akawa fundi wa jengo la ghorofa karibu na barabara ya Route 7.

Julai ya mwaka 2006 joto lilikuwa la kukata pumzi. Viyoyozi vya mtaa mzima vilivuta umeme kwa pamoja, volti zikashuka, na mtambo wa kupoza jengo ukazima. Ukawaka, ukazima tena. Kalisti hakutulia. Alitoka kwenda kuangalia nyaya za umeme barabarani, akarudi kwenye mita, akatoka tena.

Jepkosgei alimfuata chumba cha mitambo. Alikuwa muuguzi, Mkenya, na ndiye ambaye Kalisti alikusudia kumwoa Desemba. Mama yake Jepkosgei alikuwa amefika kutoka Nandi kumwona mkwe. Sasa alikuwa amelala ghorofa ya nne ya jengo hilohilo, presha imepanda, akipepewa kwa gazeti.

"Si uiunge hiyo mota dairekti, bila kinga, hata saa moja tu?"

"Siwezi. Volti zikishuka, mota bado ina mzigo uleule. Inavuta mkondo mwingi zaidi, nyaya zinachemka mpaka zinaungua. Kinga inaona volti zimepungua, inaikata kabla haijafa. Umeme ukirudi, inangoja kwanza utulie."

"Na mama naye angoje utulie?"

"Ikiungua, jengo zima litakosa ubaridi wiki nzima au zaidi. Humu kuna wazee wengine, Jep. Gari liko nje, nimeshawasha kiyoyozi. Tumpeleke maktaba, kuna baridi."

Mama alishuka ngazi akishika ukuta, Jepkosgei akimweleza habari ya mtambo. Alipofika garini hakuingia.

"Nikae kwa gari kama mzigo? Kijana, hii mashine ndiyo inakuambia utafanya nini?"

"Kwa jambo hili, ndiyo, mama."

"Basi oa hiyo."

Jepkosgei alicheka, kisha akaona mama yake hacheki. Alimpigia simu kaka yake, Kipngetich, aje kutoka Bladensburg, mji usio mbali, awachukue.

Jua lilipopungua volti zilipanda, mtambo ukawaka wenyewe. Kalisti alimpigia Jepkosgei, hakupokea. Wiki ile alishinda akishuka chumba cha mitambo bila sababu, akisikiliza mota iliyokuwa nzima, simu mkononi.

Jumapili, nje ya kanisa, Kipngetich alimvuta kando.

"Mama amekataa hii ndoa, bro. Na dada hakumbishia."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema ulikuwa na haki. Lakini hataki kuishi na haki yako."

Kalisti alikuwa amefanya lililopasa, na wazee wa jengo lile walilala kwenye ubaridi. Hakuna aliyemshukuru, kwa kuwa hakuna aliyejua. Kanuni ile ilimkosesha mke.