Vifurushi vya Bakteria

Niseme mapema: nilimwonea wivu. Mwenzangu wa maabara ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika sahani ya kuoteshea bakteria bila kuipumulia. Akaenda kusoma, akarudi Mwanza anajua nisiyoyajua, na wauguzi wote wakawa wanampitia yeye kwanza. Mimi nikabaki wa kuulizwa funguo za friji ziko wapi.

Wakati huo mama yangu alikuwa na kidonda mguuni. Alijikata na jembe huko kwetu Sengerema, kikaoza. Kila wiki alivuka na kivuko cha Kamanga kuja kusafishwa, na kila wiki kidonda kilikuwa kibaya zaidi. Sampuli yake niliisoma mimi. Kwenye sahani, bakteria alikufa vizuri kuzunguka kijiduara cha karatasi chenye dawa, nikaandika: dawa inafaa. Mama akaimeza, akarudia tena, wapi. Daktari akaanza kutaja kukata mguu.

"Dada," mwenzangu akaniuliza, "kwenye ile sahani ya kwanza, kabla hujapima dawa, hakukuwa na kingine?"

Kulikuwa na vitone vya kijivu, vichache, pembeni. Niliviita uchafu wa ngozi, kama tulivyozoea, nikamchota yule bakteria mkubwa aliyejaa sahani na kumpima peke yake.

"Hakuna," nikamjibu. Sikutaka anisahihishe juu ya mama yangu mwenyewe.

Hakubishana. Alichukua sampuli mpya, akawaotesha wote wawili. Kisha akakuza wale wa kijivu peke yao kwenye mchuzi wa kuoteshea, akauchuja mpaka hakuna bakteria aliyebaki ndani, akammwagia yule mkubwa mchuzi huo na kumwekea dawa ileile.

Asubuhi ya kusoma majibu niliwahi kufika kabla yake, na nilijua kabisa ninachotamani: bakteria afe, bingwa wetu aaibike. Nikainua mfuniko. Bakteria alikuwa ameota mpaka ukingoni mwa dawa, kanawiri. Nilikasirika kweli, halafu nikakumbuka mguu ule ni wa nani. Nikarudisha mfuniko.

Daktari alibadilisha dawa siku hiyohiyo, akachagua inayowaua wote wawili. Mwenzangu akaenda kumweleza mama chumba cha vidonda. Nikamfuata, nimenuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, hao wadudu wapo wawili. Huyu mdogo anamega ngozi yake mwenyewe, anafunga vifuko vidogo mno, ndani anatia kitu cha kuvunja dawa, anaviachia. Yule mkubwa dawa ingemuua, ila inamfikia imeshavunjwa."

Mama akakunja uso, akafikiri. "Yaani mmoja anajiunga, halafu anamrushia mwenzake kifurushi?"

"Hapohapo mama! Tena bila kuombwa."

Wakacheka wote wawili, mama ameshika simu yake ya batani juu kama ushahidi. Miaka yote niliyofanya kazi na bakteria sijawahi kumchekesha mama kwa habari zao. Tangu siku hiyo maabara nzima inasema vifurushi, na mimi peke yangu nikaendelea kusema vifuko.

Kidonda kilikauka taratibu. Siku ya mwisho ya kuonana na daktari nilimpokea mama kivukoni. Alishuka kwa miguu yake miwili, amebeba mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo mimi navipenda kufa.

"Hiki kifurushi cha mwanangu wa maabara," akasema.

"Kwani mwanao si mimi?"

"Wewe nawe! Mwenzako kaniambia wewe ndiye uliyeviona vile vitone tangu mwanzo, ukamwonyesha. Mbona hukunieleza?"

Nikaelewa. Sahani yangu ya kwanza ilikuwa bado kwenye friji, ina mwandiko wangu, na vitone vyake havijifichi. Aliiona, akanyamaza, kisha akaenda kunisifia kwa mama.

Ningeweza kusema ukweli palepale kivukoni. Sikusema. Nilipokea ule mfuko nikaubeba mpaka maabara, nikiuonea wivu hata uongo wake, kwa sababu ulikuwa mwema kuliko wangu.